Mpagazi wa Boksi

Saa nne za usiku treni ilikatwa vipande Tabora:
behewa hili la Mpanda, lile la Mwanza,
letu la Kigoma likaachwa pembeni
kama mgeni aliyesahauliwa kupewa kiti.
"Injini inakuja," alisema mwenye kofia.
Hakusema inatoka wapi.

Nilikuwa naenda Uvinza kudai deni.
Laki tatu na arobaini, za mchele, za mwaka juzi.
Tangu Morogoro nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno:
Ruhuza, mimi si mtoto. Ruhuza, leo hatoki mtu.
Abiria wa jirani alidhani nasali.

Nikashuka kutafuta matobolwa,
nikakuta watu wameketi chini nyuma ya bohari la tumbaku,
kimya, wote wanatazama shuka.

Shuka ya hospitali, imefungwa nguzo mbili kwa kamba ya katani,
nyuma yake karabai inavuma kama nyuki waliokosa mzinga.
Mhuri wa bluu wa serikali, kule juu kona ya kulia,
ndio uliokuwa mwezi.
Na chini ya mwezi huo alipita mtu wa boksi,
mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe,
begani pembe ya ndovu iliyomzidi unene.

Alitembea.
Kwa kitambo kizima mchezo ulikuwa huo tu: alitembea,
hadi nyayo zangu zikaanza kuwasha.
Mto ukaja, kanga iliyotikiswa; akauvuka.
Simba akaja, akampima, akaona ni mifupa mitupu,
akaenda zake.
Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, kutoka upande wa nuru:

*Mzigo huu wa bwana, mgongo wangu mwenyewe,*
*yeye alala mchana, mimi nahesabu mawe.*

Muuza asali aliyekaa mbele yangu
akaitikia kwa Kinyamwezi, neno moja, sikulielewa.
Wengine wakaguna.
Babu zao ndio waliobeba.
Babu zangu, sijui. Labda ndio waliobebesha.

Halafu mkono ukatokea.
Mkono wa jitu, vidole vya mviringo kama maandazi,
ulishuka kutoka mbinguni ukaikamata pembe
ukaondoka nayo.
Watoto walipiga yowe. Mimi pia, kidogo.

Nilichungulia nyuma ya shuka:
mwanamke wa miaka ishirini na kitu, jasho limefika kidevuni,
spoki za baiskeli katikati ya vidole,
moja ameing'ata kwa meno,
na mgongoni mwanawe amejinyoosha kwenye mbeleko
anatafuna pembe ya ndovu,
upande wenye maandishi ya biskuti.

"Milembe!" mtu akaita. "Mwanao kala mzigo!"
Hakugeuka. Aliitema spoki, akauliza kwa sauti ileile nyembamba:
"Haya. Mpagazi hana mzigo.
Sasa aende wapi?"

Shukani akabaki mtu mmoja, bega tupu,
mguu mmoja mrefu.
Hakuna aliyejibu.
Upepo uliutikisa mwezi wa serikali, ukatulia.

Bakuli lilipopita nikatia elfu mbili,
nikasimama nikisubiri chenji.
Milembe alinitazama. Akacheka mpaka mtoto akaamka.
Nikacheka pia, baadaye, nikiwa nimeshafika relini,
maana injini ilikuwa imepiga honi
na mwenye kofia alikuwa anatukimbiza kama kuku.

Usoke tuliipita gizani.
Niliyatafuta maneno yangu ya Ruhuza,
nikakuta "mimi si mtoto" lipo,
hilo jingine limedondoka sijui wapi.
Nikawasha tochi ya simu, nikakunja vidole mbele yake,
nikitaka kutoa mtu aliyebeba kitu.
"Bata," alisema mtoto wa kiti cha pili.
Nilimwangalia. Niliuangalia ukuta.
Bata akatembea mpaka Kaliua.